Mwenzako Anapomeza Vidonge

Kuna swali linaloulizwa kwa sauti ya chini katika nyumba nyingi: Je, mume ana haki ya kumkataza mkewe, au mke kumkataza mumewe, asimeze dawa za huzuni, za wasiwasi au za kichwa kisichokoma? Wenye kukataza hawakosi sababu. Mmoja husema, "Tuombe tu, dawa za akili ni za watu wasio na imani." Mwingine husema, "Shida yetu ni madeni, na kidonge hakilipi deni." Hebu tuzipime sababu hizi.

Ya kwanza haisimami. Aliyevunjika mguu haambiwi achague kati ya sala na plasta. Kitabu cha Yoshua bin Sira, sura ya 38, chamtaka mgonjwa asali na pia ampe daktari nafasi yake. Ubongo nao ni kiungo cha mwili, waweza kuugua kama moyo au figo. Mtu akikosa furaha, usingizi, hamu ya kula na nguvu ya kazi kwa majuma 2 mfululizo, huo si uvivu wala laana. Anahitaji kuonwa na daktari au afisa wa kliniki.

Sababu ya pili ina ukweli ndani yake. Mfikirie mama anayelala saa tano usiku na kuamka saa kumi alfajiri akame ng'ombe, atayarishe watoto, aende shambani, na jioni amngojee mume anayerudi amelewa. Kichwa chamgonga kila siku. Mume ampa pesa za dawa ya dukani na kujiona ametimiza wajibu. Hapo kidonge kimekuwa pazia la kufunika kosa. Na mwili wenyewe hulikataa pazia hilo: mwenye kuumwa kichwa mara kwa mara, akimeza dawa za kawaida za maumivu siku 15 au zaidi kila mwezi, kwa zaidi ya miezi 3, aweza kupata maumivu mengine yanayoletwa na dawa zile zile.

Lakini tusiruke mpaka upande wa pili na kusema kwamba, kwa kuwa chanzo ki nyumbani, dawa haina kazi. Anayezama hutupiwa kamba kwanza. Aliyemsukuma ataulizwa baadaye. Aliyelemewa na huzuni nzito hana hata nguvu ya kuketi na kuzungumza juu ya madeni. Dawa kama fluoksetini na amitriptilini zaweza kuchukua majuma 2 hadi 4, au zaidi, kabla ya kuleta nafuu. Kwa kawaida huendelea kutumiwa angalau miezi 6 baada ya mgonjwa kupata nafuu, na haziachwi ghafla. Basi anayezitupa chooni juma la pili akisema hazifai, amemwibia mwenzake matibabu. Dawa za kutuliza na kulaza, kama diazepamu, ni jambo jingine. Hizo zaweza kumtawala mtu akizitumia kwa muda mrefu, nazo zataka uangalizi wa karibu wa daktari.

Tena, dawa si njia pekee. Kusini mwa Uganda, katika Rakai na Masaka, utafiti uliotolewa mwaka 2003 ulionyesha kwamba wanavijiji wenye ugonjwa wa huzuni waliokutana kila juma katika vikundi, wakiongozwa na wenzao waliofunzwa, walipata nafuu kubwa. Kwa wenye kipandauso na maumivu mengine ya kichwa, husaidia sana kulala na kuamka saa zile zile, kutoruka milo, kunywa maji ya kutosha na kutembea. Ugonjwa ukiwa mwepesi, huenda njia hizi zikatosha. Ukiwa mzito, mara nyingi huhitaji zote mbili, dawa na mazungumzo.

Sasa angalia: usingizi, mlo wa wakati wake na masikio ya kusikiliza havinunuliwi dukani. Ni mwenzako anayekupa au kukunyima. Kwa hiyo jibu letu ni hili. Uamuzi juu ya dawa ni wa mgonjwa pamoja na daktari wake. Mwenzi ana haki ya kuelezwa, kuuliza na kusindikiza hospitalini, hasa mimba inapotarajiwa, maana dawa nyingine hudhuru mtoto tumboni. Haki ya kukataza hana. Wajibu anao: aliyeahidi kukaa na mwenzake katika ugonjwa hakuahidi ule wa kuonekana kwa macho tu. Naye mgonjwa asifiche vidonge vyake chini ya godoro, isipokuwa akiogopa kupigwa. Huyo atafute usalama kwanza.

Kuna mambo yasiyongoja mjadala. Kichwa kilichoanza ghafla kwa ukali usio wa kawaida, au chenye homa na shingo ngumu, au ulegevu wa upande mmoja wa mwili, ni cha hospitali mara moja. Vivyo hivyo mwenzako akisema anataka kufa: usimkemee, usimwache peke yake, mpeleke siku hiyo hiyo.

Maswali ya kuzungumza jioni hii:

1. Je, kuna maumivu ninayokuficha kwa kuogopa utakavyosema?
2. Ni mzigo gani wa nyumba hii ninaoweza kukupunguzia juma hili?
3. Je, nimewahi kukupa pesa za dawa mahali ulipohitaji nibadilike?