KIOTA CHA NJIANI



Somo letu la mwezi huu limo katika Kumbukumbu la Torati, sura ya 22, aya ya 6 na ya 7. Ni sheria fupi, nayo husomwa mara chache makanisani, labda kwa kuwa imebanwa kati ya habari za ng'ombe aliyepotea na ukuta wa darini. Mtu akikuta kiota njiani, na ndege amelalia mayai au makinda, asimchukue mama pamoja na watoto. Makinda aweza kuyachukua, bali mama amwache aende zake. Ahadi iliyofungwa na sheria hii yashangaza: kufanikiwa na kuzidishiwa siku, mfano wa ahadi waliyopewa wawaheshimuo baba na mama!

Tuangalie vema. Mungu hakumkataza mtu kula. Alimkataza kula hata asibaki wa kuzaa.

Sisi wa Pugu tu watu wa vilimani, na huenda msomaji akauliza, ya nini basi kutuandikia habari za samaki? Lakini samaki wa Feri hupanda huku kila siku katika ndoo na matenga ya mama zetu. Tena vijana wetu kadhaa, wenye kazi zao na mishahara yao, hushuka siku za mapumziko na mishipi yao kwenda Kigamboni na Msasani, kuvua kwa kujifurahisha tu. Si dhambi, na Mitume wenyewe walikuwa wavuvi. Ila mtu avuaye kwa raha hawezi kujitetea kwa njaa. Yeye wa kwanza yampasa kujua kipimo.

Na kipimo kipo. Nchi nyingi humwekea mvuvi wa namna hii idadi ya samaki kwa siku na urefu wa kila mmoja, na aliye mfupi hurudishwa majini akiwa hai. Kule Malindi na Watamu, Kenya, waendao kuvua nduaro na sulisuli huwatia wengi alama na kuwaachia. Kwetu Tanzania iko Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003 na Kanuni zake za 2009. Pweza asiyefika gramu 500 haruhusiwi kuvuliwa, wala sangara wa Ziwa Victoria aliye chini ya sentimeta 50. Baruti ilipigwa marufuku tangu 1970, ingawa miaka mingi baadaye iliendelea kulia pwani hii na kuvunja matumbawe ambamo samaki huzalia. Visiwa vya Bongoyo, Mbudya na Pangavini, pamoja na Fungu Yasini, ni hifadhi tangu 1975. Basi aendaye Bongoyo kutembea na jamaa zake, mshipi na auache nyumbani.

Wengine husema hizo ni sheria za kuwasumbua watu. Tumtazame huyo pweza. Maisha yake ni mafupi, mwaka mmoja au zaidi kidogo. Jike hutaga mara moja tu maishani, mayai maelfu kwa maelfu, huyalinda pangoni bila kula, nayo yakianguliwa hufa. Akichukuliwa mdogo, kabla ya siku hiyo, hakuna alichoacha nyuma. Lakini pia hukua upesi mno, hata akiachwa miezi miwili mitatu uzito wake huongezeka sana. Ndiyo sababu watu wa Songosongo, na wa Kisiwa Panza kule Pemba, wamekubaliana kufunga sehemu za miamba yao kwa majira, kisha kuzifungua wote pamoja. Chewa naye ana siri yake: huanza maisha akiwa jike, na wengine wakiisha kuwa wakubwa hugeuka madume. Ukiwamaliza wakubwa wote umewamaliza waume.

Waisraeli jangwani walipewa mana kwa pishi, kila kichwa pishi moja, na aliyejilimbikizia akakuta mabuu asubuhi (Kutoka 16). Mana ilishuka bure, haikulimwa na mtu, hata hivyo iliwekewa kiasi. Samaki nao hakuwapanda mtu.

Mwaka 2024 Serikali ilifunga uvuvi katika Ziwa Tanganyika kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti, ili samaki wazae. Ilikuwa kama Kwaresima ya ziwa zima. Tunaona jambo hilo ni jema, lakini tusiliseme kwa wepesi, maana ni rahisi kumhubiria mwenzako saumu wakati chungu chako ki motoni. Mvuvi ana watoto, na watoto hawafungi miezi mitatu. Katika Walawi 25, Mungu alipoamuru ardhi ipumzike mwaka wa saba, alijua watu watauliza watakula nini. Hakuwakemea kwa kuuliza. Aliwajibu, akaahidi mavuno ya kuwatosha. Basi kila afungaye maji, awe Serikali au kamati ya kijiji, yampasa naye awe na jibu. Na Kanisa likiwa mahali hapo, kapu la sadaka lina kazi.

Tena haki ianzie kwa wakubwa. Wengi wetu twakumbuka mwaka 2009, ilipokamatwa meli ya Tawariq 1 ikivua bila kibali katika bahari yetu, ikiwa na samaki karibu tani 300. Watu wakawaita samaki wa Magufuli, kwa kuwa ndiye aliyekuwa Waziri wa Uvuvi. Meli moja! Mzee mwenye ngalawa akichomewa kokoro lake ana haki ya kuuliza habari za meli kama hizo. Hata hivyo swali lake, ingawa ni la haki, halimrudishii mamaye samaki majini.

Nasi wanunuzi je? Anayevua changu wa kiganja humvua kwa sababu yuko wa kumnunua. Mama akatae mara mbili tatu, muuzaji atamwambia mvuvi. (Dagaa msiwaache kwa kuogopa dhambi. Dagaa ni mtu mzima katika kabila lake, amekwisha kukua.)

Liko na jambo ambalo ni letu kabisa sisi wa Pugu. Mto Msimbazi chimbuko lake ni katika vilima hivi. Hushuka kupita Vingunguti na Jangwani, ukaingia baharini pale Daraja la Selander, kwenye mikoko ambamo samaki wachanga hujificha. Mti tuukatao huku kwa ajili ya mkaa, udongo wake hufika kule mvua ya kwanza. Mifuko na taka tuzitupazo korongoni hufika pia. Mikoko ile ndiyo kiota, nasi ndio tulio juu yake. Kabla ya masika haya, kila jumuiya na iende kutazama korongo lililo karibu nayo, ione ni nini kinachongoja mvua.