Kipimo cha Umbo na Amana ya Mwili

Katika masuala yaliyowashughulisha wanazuoni wa dini na wenye hekima tangu kale, limo moja lililo jepesi kutamka na zito kujibu: mwili wa mwanadamu ni mali ya nani? Ajibuye kwamba ni mali ya nafsi ikaayo ndani yake ana hoja. Na ajibuye kwamba ni amana ya Mwenyezi Mungu, aliyokabidhiwa mtu aitunze kwa muda kisha airejeshe, asema walisemalo mashehe wa Kasongo na mapadri wa Kindu kwa kauli zinazokaribiana. Lakini katika zama hizi amezuka mdai wa tatu, asiye na msikiti wala kanisa, ambaye hakuumba hata ukucha mmoja, naye anadai haki ya kumwambia mwanamke kiuno chake kiwe na upana gani na mapaja yake yawe na unene gani. Mdai huyo ni biashara ya mitindo ya mavazi.

Ili tulielewe dai lake, yafaa tutazame namna nguo inavyozaliwa. Kindu, ukingoni mwa Lualaba, na hata Kama na vijiji vingine vya mkoa wetu wa Maniema, Kongo, mwanamke anunuapo kikwembe sokoni humpelekea fundi wa cherehani. Fundi hutwaa utepe wake, akapima mabega, kifua na kiuno, ndipo mkasi uguse kitambaa. Mama akinenepa baada ya kujifungua, mshono hufumuliwa; akikonda, huingizwa ndani; na kile kipande cha kujifunga kiunoni hakina namba wala hakimkatai mtu. Katika nyumba kubwa za mitindo za Ulaya kanuni ni kinyume cha hiyo: nguo ya maonyesho hushonwa kwanza, kwa kipimo kimoja chembamba, kisha hutafutwa msichana atakayeenea ndani yake, na asiyeenea hurudishwa kwao. Sababu yake si siri. Nguo ile moja hupita katika maonyesho mengi na mbele ya wapiga picha wengi, na wenye kazi hiyo hupendelea mwili ambao kitambaa huteremka juu yake kama kinavyoteremka kwenye kining'inio, pasipo mwili wenyewe kuonekana sana. Basi jambo lililoanza kuwa wepesi wa kazi kwa mshonaji likageuzwa kuwa sheria ya uzuri kwa mamilioni ya wanawake ambao hawatavaa nguo zile maishani mwao.

Mwaka 1966 magazeti ya Uingereza yalimtukuza binti wa London wa miaka 16, aliyejulikana kwa jina la Twiggy, mwembamba kama mtoto asiyebaleghe, na tangu hapo wembamba ukashika enzi. Miaka 40 baadaye, mwezi wa Agosti 2006, mwanamitindo Luisel Ramos wa Uruguay alifariki akiwa na umri wa miaka 22, punde baada ya kupita jukwaani huko Montevideo. Na kabla mwaka haujaisha, mwenzake Ana Carolina Reston wa Brazil, mwenye miaka 21, naye alifariki kwa maradhi ya kujinyima chakula. Kati ya vifo hivyo viwili, mwezi wa Septemba, wakuu wa maonyesho ya Madrid walikataza wasichana ambao uzito wao kwa kilo, ukigawanywa kwa kimo chao cha mita kilichozidishwa kwa chenyewe, haufiki 18. Israeli ilitunga sheria yake mwaka 2012. Ufaransa nayo, kuanzia mwaka 2017, ikadai cheti cha tabibu kwa kila mwanamitindo, na kwamba picha ya biashara ambayo umbo la mtu limepunguzwa au kuongezwa kwa ufundi wa kompyuta iandikwe wazi kuwa imerekebishwa. Sheria hizi ni njema. Hata hivyo hazikugusa mzizi, kwa kuwa mwenye duka angali ndiye ashikaye utepe.

Wapo watakaosema kwamba hayo ni matatizo ya watu walioshiba, nasi huku kwetu hayatuhusu. Na wawatazame watu wa Fiji, ambao desturi yao ilisifu mwili ulionawiri. Televisheni ilifika katika jimbo la Nadroga mwaka 1995, na daktari Anne Becker aliwahoji wasichana wa shule mwaka huo na tena mwaka 1998. Mara ya kwanza hakupatikana hata mmoja aliyejitapisha ili apungue, na mara ya pili walipatikana zaidi ya kumi katika kila mia. Miaka mitatu ya picha ilitosha kuitikisa desturi ya vizazi na vizazi. Seuze leo, ambapo picha hazimngoji binti sebuleni bali humfuata kitandani mwake ndani ya simu.

Lakini insafu yatutaka tusiwatupie wageni lawama yote, maana utepe haukuzaliwa Paris peke yake. Mwaka 1861 msafiri Mwingereza Speke alifika Karagwe, katika Tanzania ya leo, kwa mfalme Rumanika, akakuta wanawake wa ukoo wa kifalme waliojazwa maziwa hata wakashindwa kusimama kwa miguu yao; akampima mmoja wao, na mkono wake ukawa na mzingo wa karibu sentimita 58, ilhali kando yake binti wa miaka 16 alikuwa akinywa maziwa na baba amemshikia fimbo. Tofauti ya mwanamwali yule na yule wa Montevideo ni kwamba mmoja alilazimishwa kula na mwingine alilazimishwa kutokula. Fimbo ni ile ile. Wala biashara ya leo haina mapenzi na wembamba kwa nafsi yake: Kinshasa humo humo wanawake humeza vidonge vya mzio na vya deksamethasoni ili wanenepe, na katika masoko yetu mengi huuzwa krimu za kuichubua ngozi. Anayetaka kupungua huuziwa upungufu, anayetaka kuongezeka huuziwa ziada, na kisichouzwa kamwe ni kutosheka, kwani mwanamke aliyetosheka hanunui kitu.

Yako tena maneno ya kumshangaza mwenye akili. Katika miaka ya 1980, majukwaa ya Ulaya yakiwa bado yanasifu wembamba, watu wa Rakai, Uganda, waliuita UKIMWI uliokuwa ukiwamaliza vijana wao Silimu, yaani wembamba, kwa kuwa alama yake ilikuwa kukonda. Na hapa Maniema, kwa watu walioonja vita na kukimbilia msituni, mama aambiwapo kwamba amekonda haoni amesifiwa: huulizwa ana nini, na jirani huleta sahani ya wali na sombe.

Huenda mtu akahoji: je, dini zenyewe haziamuru kujinyima? Naam, zinaamuru, na hapa ndipo ilipo tofauti iliyo kubwa. Mwislamu wa Kasongo afungapo Ramadhani anajua kwamba adhana ya magharibi itafika, naye atafuturu pamoja na watu wake, tena mgonjwa, mjamzito na anyonyeshaye wameruhusiwa kula. Mkristo wa Kindu aingiapo Kwaresima anajua kwamba mbele yake iko Pasaka. Saumu humfunza mtu kuwa bwana wa tamaa yake, na kile alichojinyima humkumbusha maskini. Saumu ya mitindo haina magharibi wala Pasaka; haimsamehe mgonjwa bali humzalisha; hufungwa peke yake, kwa siri na kwa haya; na badala ya kumtoa mtu katika nafsi yake humfungia humo, mbele ya kioo, akiabudu asichokipata.

Majirani zetu Warega waliufikiri uzuri kwa njia nyingine. Katika chama chao cha bwami, kilichopigwa marufuku na serikali ya Wabelgiji mwaka 1948, vinyago vidogo vya pembe na vya mti havikuchongwa kuonyesha mwili uliopendeza macho. Kila kimoja kilibeba fundisho la mwenendo, na uzuri usio na wema ulihesabiwa kuwa hasara. Na mwanamume hakuweza kufika daraja ya juu kabisa, kindi, asipokuwa na mke aliyeingizwa katika daraja ya wanawake ya chama hicho. Wala hakuna aliyeuliza kiuno cha mke yule kina sentimita ngapi, bali murua wake, busara yake na ukarimu wa nyumba yake.

Hukumu yangu, basi, ni hii: nguo iliwekwa kwa ajili ya mtu, wala mtu hakuwekwa kwa ajili ya nguo. Kujipamba si dhambi, na pambo zuri ni namna ya kumshukuru aliyetupa mwili wa kupamba. Dhambi ni kumfanya mja wa Mungu aionee haya kazi ya Muumba wake ili mfanyabiashara apate faida. Nawasihi akina mama wasiwatanie binti zao kwa unene wala kwa wembamba wao, akina baba wawasifie akili na bidii kabla ya sura, na mashehe na wachungaji walitaje jambo hili mimbarini waziwazi, kwa kuwa mwenye amana asipoilinda, mwenye duka ataipima.