Njia ya Kando ya Mto ni ya Nani?

Mama mmoja mjane wa jumuiya yetu alitungoja mlangoni mwa kanisa baada ya mafundisho ya wakatekumeni. Tulidhani amekuja kwa ajili ya ubatizo wa mjukuu wake, kumbe sivyo. Asubuhi ile alikuwa amekuta alama nyekundu ukutani mwa nyumba yake, iliyo bondeni karibu na mto, na majirani walimweleza maana yake: barabara itapanuliwa, na nyumba itabomolewa. Akatuuliza: “Mwalimu, ninyi mwatufundisha ya kuwa kuchukua kitu cha mtu ni dhambi. Je, wakubwa wakichukua nyumba yangu, ni wizi, au si wizi?”

Tulimjibu maneno machache ya kumtuliza, naye akaenda zake. Lakini twakiri kwamba jibu letu halikumtosha, wala halikututosha sisi wenyewe. Kwa hiyo tumeona vema kulifikiri jambo hili pamoja nanyi, ndugu wasomaji, kwa sababu leo limempata yeye, na kesho laweza kumpata mmoja wetu.

Kwanza tuseme wazi: barabara njema ni baraka. Nani katika Butembo au Beni asiyejua hayo? Tumeona malori yakizama matopeni siku kadhaa, na viazi, maharage na ndizi vikioza juu yake, huku mwenye mali akilala chini ya gari lake. Tumeona wagonjwa wakibebwa kwa machela kwa kuwa pikipiki haikuweza kupita. Wazee wakumbuka miaka ambayo serikali haikuwa na nguvu huku, hata wafanyabiashara wa Butembo wakachanga fedha na kuyatoza magari, ili njia ya Kasindi isife kabisa. Tena mwezi wa Juni 2021 Marais wa Kongo na wa Uganda walikutana mpakani, Mpondwe na Kasindi, kuanzisha kazi ya kutengeneza barabara. Mpango ulitaja kilometa 223: 80 toka Kasindi hadi Beni, 54 toka Beni hadi Butembo, na 89 toka Bunagana hadi Goma kwa njia ya Rutshuru. Mtu anayechukia kazi ya namna hiyo hawapendi jirani zake.

Lakini barabara haipiti hewani. Yapita juu ya ardhi, na juu ya ardhi wanakaa watu. Tuweke mfano ulio karibu nasi. Butembo imejengwa juu ya vilima, na mabondeni mwapita maji. Mto mmoja ni Kimemi, ambao komini mojawapo ya mji yaitwa kwa jina lake. Tuseme kwamba barabara yenye shughuli nyingi kandokando ya mto kama huo yatakiwa kupanuliwa na kutiwa lami, na ukingoni pafanywe njia ya watu wa miguu, yenye miti na mahali pa kuketi. Je, ni haki kumwondoa mtu kwa ajili ya lami? Je, ni haki kumwondoa kwa ajili ya mahali pa kutembea tu?

Wengine hujibu mara moja: “Kiwanja changu ni changu. Nimekinunua kwa jasho langu. Hakuna awezaye kunigusa.” Mama Kanisa hafundishi hivyo. Mtakatifu Tomaso wa Akwino alieleza kwamba ni halali mtu awe na mali yake na kuitunza, lakini katika kuitumia asiihesabu kuwa yake peke yake, bali awe tayari kuwashirikisha wengine wenye shida. Naye Papa Paulo VI, katika barua yake ya mwaka 1967 juu ya maendeleo ya mataifa, alifundisha ya kuwa haki ya kumiliki haikosi mipaka, na kwamba pengine manufaa ya wote yadai mashamba mengine yachukuliwe. Mungu aliwapa ardhi wanadamu wote kabla mmoja wetu hajaweka ua wake. Basi tumwambie mwenye kiwanja kweli hii, ijapokuwa ni chungu: kiwanja chako ni chako, lakini si kama kwamba wengine hawako.

Wengine nao husema: “Serikali ndiyo yenye nchi. Ikitaka, ichukue, mtu mdogo anyamaze.” Hawa nao wamepotea. Sheria yenyewe ya nchi yetu yawakatalia. Katiba ya mwaka 2006, ibara ya 34, yaiita mali ya mtu kuwa takatifu, nayo yaamuru kwamba isichukuliwe ila kwa manufaa ya wote, na kwa fidia ya haki inayolipwa kwanza. Tuliangalie vema neno hilo, kwanza. Fidia itangulie, na tingatinga lifuate. Ahadi ya kulipwa baadaye haimpi mjane paa la kulalia usiku huu.

Maandiko Matakatifu yatupa mfano wa Mfalme Ahabu na Nabothi. Sisi sote tumesikia habari hiyo kanisani, lakini pengine hatukuangalia jambo moja. Ahabu hakuanza kwa ubaya. Alimwambia Nabothi kwamba atampa shamba jingine lililo zuri zaidi, au fedha sawasawa na thamani yake. Wakubwa wangapi wa leo huanza kwa heshima kama hiyo? Hata hivyo Nabothi alikataa, kwa kuwa lilikuwa urithi wa baba zake, na mwisho wake alipigwa mawe kwa ushahidi wa uongo. Kosa lilikuwa wapi? Kwanza, Ahabu alilitaka shamba lile liwe bustani yake ya mboga, karibu na nyumba yake. Hapakuwa na faida ya Waisraeli ndani yake. Pili, alipokataliwa, Yezebeli mkewe alitumia muhuri wa mfalme na mashahidi wa kununuliwa. Tatu, Ahabu alishuka kulimiliki shamba bila kuuliza Nabothi amekufaje. Hapo ndipo Eliya alipotumwa kwake.

Kutokana na habari hii twapata vipimo vitatu. Kazi hii ni ya faida ya wote kweli, au ni bustani ya mboga ya mkubwa mmoja? Maneno yaliyosemwa na karatasi zilizoandikwa ni za kweli, au za mashahidi wa kununuliwa? Na yule anayeondolewa amesikilizwa na kulipwa, au tumeshuka kumiliki bila kuuliza habari zake? Kazi ikipita katika vipimo vyote vitatu, mwenye nyumba apaswa kukubali, hata kama moyo wake waumia, na kukubali kwake kutakuwa sadaka mbele ya Mungu. Ikikosa kimoja tu, mama yule ana haki ya kuiita kwa jina alilolitaja.

Hapa tusiwatazame wakubwa peke yao. Iko dhambi nyingine inayofanyika kimyakimya. Mtu mwenye rafiki ofisini hupata habari mapema kwamba barabara itapita mahali fulani. Huenda kwa jirani asiyejua kitu, akamnunulia kiwanja kwa bei ndogo, ili yeye apokee fidia. Halafu Jumapili hutoa sadaka nono. Mwingine alikuwa na madaraka kidogo, akakata vipande vya ukingo wa mto, mahali pasipofaa kujengwa, akawauzia maskini, akala fedha. Leo wale maskini wanaambiwa: “Ninyi hamna hati, ondokeni bure.” Twawaambia hao wote, bila kumtaja mtu: amri ya saba haiishi kwa kuungama tu. Aliyepata kwa udanganyifu hana budi kurudisha. Padre aweza kukuondolea dhambi, lakini hawezi kukupa ruhusa ya kuendelea kuushika mfuko wa mwenzako. Na mtu asiye na hati angali ni mtu, hasa kama aliuziwa na yule yule aliyepaswa kumkataza.

Sasa twaja kwenye njia ya miguu. Labda msomaji atauliza: “Katika nchi hii, ambamo watu wa Beni wameuawa tangu mwaka 2014, na wakimbizi wamejaa, ninyi mwatuambia habari ya miti na mabenchi? Kwanza amani, kwanza mkate.” Swali hili ni la haki, nasi hatulidharau. Kama fedha ya dawa za wakimbizi ingechukuliwa ili kupanda maua, tungekuwa wa kwanza kupinga.

Lakini simama asubuhi kando ya barabara yo yote ya mji wetu, uangalie wanaopita. Wako wanafunzi, wako akina mama wenye mizigo mgongoni, kamba imepita kipajini, wako vijana wanaosukuma chukudu, wako wazee wenye fimbo. Wenye magari ni wachache kuliko hao. Lakini tunapotengeneza barabara huwa twafikiri magari kwanza, na watu wa miguu huachiwa mtaro. Kisha lami ikija, mwendo waongezeka, na yule aliyekuwa akitembea matopeni bila hofu sasa arushwa na gari. Basi njia ya miguu si pambo. Ni fungu la maskini katika kazi iliyofanywa kwa jina lao na juu ya ardhi yao. Barabara isiyo na mahali pa mtu wa miguu imeshindwa katika kipimo cha kwanza.

Na mahali pa kuketi kando ya maji, je? Twasema ya kwamba tajiri ana ua wake na kiti chake kivulini. Mtu anayekaa na watu tisa katika vyumba viwili apumzike wapi siku ya Bwana? Mungu aliamuru pumziko kwa mtumwa na mgeni pia, si kwa bwana peke yake. Wenzetu wa Unguja wanayo bustani ya Forodhani, ukingoni mwa bahari, iliyotengenezwa upya na kufunguliwa mwaka 2009. Jioni watu wa kila hali hukaa pale, na wauza vyakula wanaendelea kupata riziki yao hapo hapo. Kuketi hakulipiwi. Hilo ndilo jambo la kuiga. Kama njia ya kando ya mto itajengwa ili wauza ndizi wafukuzwe na wenye hoteli wakae, basi ni bustani ya mboga ya Ahabu, hata ikiwa na miti mizuri.

Tena mto wenyewe wadai haki yake. Tarehe 4 Mei 2023, huko Kalehe katika Kivu ya Kusini, mvua kubwa iliijaza mito, nayo maji yalishuka na mawe na matope juu ya vijiji vya Bushushu na Nyamukubi. Zaidi ya watu 400 walikufa. Ukingo wa mto si ardhi tupu inayongoja mnunuzi. Ni mahali pa maji siku yanapozidi. Njia yenye miti yaweza kuwapisha maji bila kuua mtu. Nyumba iliyojaa watoto haiwezi. Kwa hiyo pengine kumwondoa mtu ukingoni ni kumpenda, ikiwa tu amepewa mahali pa kwenda. Na sisi tunaotupa takataka zetu mtoni usiku, tukidhani hatuonekani, tusiwe wepesi kuhukumu ofisi za mjini. Matope yanayoziba daraja yamebeba mifuko yetu.

Marehemu Askofu Mkuu Emmanuel Kataliko, aliyekuwa Askofu wetu tangu mwaka 1966 hadi alipopelekwa Bukavu mwaka 1997, hakutaka Wakristo wangoje kila kitu kitoke mbali. Aliwahimiza washike kazi za shule, za hospitali na za njia kwa mikono yao wenyewe. Roho hiyo bado yatufaa. Salongo ya kusafisha ukingo haihitaji mkataba wa kimataifa.

Tulimrudia mama yule wiki iliyofuata. Tulimwambia: “Mama, si kila kuchukua ni wizi. Lakini una haki ya kuona karatasi, ya kusikilizwa, na ya kulipwa kabla hujatoka.” Akanyamaza kidogo, kisha akasema: “Basi twendeni wote, maana mimi sijui kusoma.” Tulikwenda naye, sisi na wazee wawili wa jumuiya, na mwalimu mmoja anayejua Kifaransa. Ofisini walitupokea bila furaha. Lakini walipoona watu watano badala ya mmoja, walitafuta kitabu, wakaandika jina lake na vipimo vya nyumba yake, wakampa nakala. Hajalipwa bado. Aliikunja karatasi ile, akaiweka ndani ya kitabu chake cha sala.

Ndugu wasomaji, katika kila mtaa ambako alama nyekundu imepakwa, yuko mtu asiyejua kusoma. Msimwache aende peke yake. Na siku njia ya kando ya mto itakapokwisha, Mungu akipenda, yeye naye awe na mahali pa kuketi hapo, bila ye yote kumwuliza amefuata nini.