Huyu Anayesema Maneno Yangu Ni Nani?

Shosh alikubali nimrekodi kwa sharti moja: nisimkatize. Anaishi Kaloleni, mtaa uliojengwa miaka ya 1940, na hadithi zake sijazikuta kwenye kitabu chochote. Nikapanga maiki, miksa ndogo na laptopu mezani, kando ya thamosi ya chai.

Kuvaa hedifoni, nikasikia mvumo. Mmmm, chini ya kila neno lake. Beshte yangu anayerekodi wasanii kule Umoja alicheka nilipompigia simu. "Hiyo ni stima, maze." Miksa na laptopu zilikuwa kwenye soketi tofauti, kila moja na waya wake wa ardhini, kisha waya wa sauti ukaziunganisha tena. Njia ikawa duara, na umeme ukapata pa kuzunguka. Stima ya Kenya hupanda na kushuka mara 50 kwa sekunde. Kumbe nilikuwa nasikia nyaya za nyumba zikiongea pamoja na mwenye nyumba.

Dawa yake ni kisanduku cha transfoma ya laini. Nilikipata Luthuli Avenue. Ndani kuna koili mbili za waya zilizozungushwa kwenye chuma kimoja bila kugusana. Sauti huingia kama umeme, huvuka kama sumaku, hutoka kama umeme tena. Ni kanuni ambayo Michael Faraday aliionyesha London mwaka 1831. Kwa kuwa koili hazigusani, duara hukatika. Mvumo ukaisha. Matatu za Jogoo Road na jogoo wa jirani wakabaki, maana hao walikuwa mbele ya maiki kwelikweli.

Ningeachia hapo. Lakini beshte alinionyesha ujanja mwingine: ongeza nguvu ya sauti inayoingia kwenye kisanduku. Chuma kikizidiwa na sumaku hushindwa kufuata mawimbi. Huyalainisha ncha, hasa kwenye besi, na kuzaa sauti ambazo hazikuwepo. Masikio huzipenda. Siku hiyo Shosh alisimulia habari za mwanawe wa kwanza, aliyemzika kabla sijazaliwa. Sauti ilikuwa nzito, imeshiba, kama ya mtangazaji wa redio.

Nikamwekea asikilize. Akanyamaza dakika nzima, kisha akauliza: "Huyu anayesema maneno yangu ni nani?"

Nilitaka kujitetea: hakuna kifaa kisichoongeza chake, hata maiki ina mapenzi yake. Ni kweli. Ila kama hakuna kioo kilichonyooka kabisa, je, hiyo ni ruhusa ya kukikunja makusudi?

Mvumo uliwekwa na nyaya, na hakuna aliyeuomba. Kuutoa kulikuwa kumrudishia Shosh kilicho chake. Lile joto nililiweka mimi, kwa sababu sauti ya mzee inayotetemeka niliiona haitoshi. Nilitumia kisanduku kilekile mara zote mbili, na mara zote mbili nilisema "nimeboresha sauti". Sikujiuliza ninamboreshea nani.

Sisemi joto ni dhambi. Msanii wa Dandora akiliomba kwenye wimbo wake, amechagua nguo yake mwenyewe. Shosh nilimvika mimi, tena akiwa katikati ya kilio.

Na haivuliki. Kisanduku kilikaa kabla ya laptopu, kwa hiyo kilichoingia kimeingia. Nilipunguza nguvu, nikamwomba asimulie upya. Alikataa. "Hiyo nimeshaisema." Alinipa hadithi nyingine nyingi, safi, kwa sauti yake ya kukwaruza, lakini ile ya mwanawe ninayo kwa sauti ya kuazima tu.

Nikamuuliza kama niifute. Akafikiri, akajimiminia chai.

"Weka. Lakini ukiwachezea watu, waambie."

Basi nawaambia.