Sanduku Lenye Sauti

Masomo: Kutoka 35:30-35, Warumi 14:13-19



Twasoma ya kwamba Mungu alimwita Bezaleli akamtia Roho wake, si kwa kuhubiri wala kutabiri, bali apate akili ya kazi ya mikono, hata kuchonga miti. Basi msumeno na randa havidharauliwi mbele za Mungu. Neno hili twalihitaji, maana katika sharika za kando ya Ziwa, tangu Mwanza mjini hata vijijini, vijana waomba ngoma ya kuimbia, na wazee wengine wakataa.

Tusiwahukumu wazee upesi. Kwetu Usukumani ngoma si chombo tu, ni mchezo pia na mashindano yake. Bagika na Bagalu hushindana baada ya mavuno, na tangu zamani viongozi wao walitumia dawa ili kuvuta watu. Mkristo aliyeiacha ngoma aliziacha dawa hizo, na pengine aliachwa na jamaa zake. Asikiapo mlio ule kanisani, moyo wake washtuka. Huo si ujinga, ni kovu.

Wala tusiwahukumu vijana. Zaburi ya 150 yataja matari pamoja na baragumu na vinubi, na Bwana wetu alifundisha kwamba uovu hutoka moyoni mwa mtu. Basi hautoki katika mti wala ngozi. Huko Bujora, karibu na Kisesa, ndugu zetu Wakatoliki pamoja na Padre David Clement walianza katika miaka ya 1950 kumsifu Mungu kwa ngoma za Kisukuma.

Tena iko ngoma isiyo na ngozi. Waafrika waliochukuliwa utumwani hata Peru walipiga masanduku ya bidhaa kwa mikono yao, na hapo kikazaliwa chombo kiitwacho cajón, yaani sanduku. Mwaka 1977 mpiga gitaa Paco de Lucía alikitwaa huko akakipeleka Hispania, na leo chapigwa katika nchi nyingi.

Kukitengeneza hakuhitaji mashine. Zatosha msumeno, keekee, gundi, skrubu na msasa. Katwa mbao za plaiwudi zenye unene wa milimita 12, ziwe kuta mbili, kifuniko, kitako na mgongo. Kimo kiwe kama sentimita 48, upana na kina kama 30. Mgongoni toboa tundu la sentimita 11 hivi. Mbele tia kibao chembamba cha milimita 3. Kifunge imara chini na kando, lakini pembe za juu ziachwe zimelegea kidogo. Mpigaji hukaa juu yake: akipiga katikati sauti huwa nzito, akipiga ukingoni huwa kali.

Nasi na tujifunze kwa sanduku hili. Pembe zisipokuwa mraba, gundi haishiki, na chombo hukwaruza badala ya kuimba. Vivyo usharika usionyoka katika haki. Kibao cha mbele kikiwa kinene hakitikisiki. Vivyo moyo mgumu, hata ukipigwa na Neno hautoi kitu. Na tundu likizibwa, sauti hufa ndani. Vivyo imani isiyomtokea jirani.

Basi vijana, msilete chombo kanisani kwa kushtukiza. Mwendeeni mzee aliye seremala, mkamwombe awafundishe kupima na kukata. Pigeni kwanza katika mazoezi ya kwaya, wazee wakaribishwe kusikiliza. Ikiwa hata hapo ndugu mmoja aumia, ngojeni. Sanduku halitaoza kwa mwaka mmoja, lakini ndugu aliyekwazwa aweza kupotea. Nanyi wazee, msiite najisi kile ambacho mikono ya wajukuu wenu imekifanya kwa kumsifu Mungu. Semeni nao yaliyowapata zamani, maana wengi wao hawajaambiwa.

Wainjilisti, liangalieni jambo hili kwa uvumilivu. Mtume alimfananisha mtu asiye na upendo na chombo kinacholia bure, na ngoma nzuri kuliko zote haifai kitu ikiwa wapigaji na wasikilizaji hawasalimiani mlangoni.

Amani ya Kristo ikae nanyi nyote. Amin.