Kuti Bichi la Mnazi wa Wakfu



Tuliulizwa katika darsa letu: msimamizi wa minazi ya wakfu, baina ya Kilifi na Malindi, aliyakata makuti mabichi akayauza kuezekea mahoteli, na fedha akautengenezea msikiti. Je, amekosa? Kwani mnazi haukuangushwa, wala nazi haikuguswa.

Jawabu hawezi kulitoa mtu asiyejua mnazi huishi vipi. Mizizi yake, mingi na myembamba, hunyonya maji na chumvi za ardhi. Lakini chakula chenyewe hupikwa ndani ya jani. Jani huvuta hewa kwa vitundu visivyoonekana kwa macho, likaichanganya na maji yaliyopanda kutoka mizizini, na moto wa jiko hilo ni mwanga wa jua, unaonaswa na ule ukijani wake. Hupatikana humo sukari, nayo huteremka kulisha mizizi, shina na nazi. (Tembo la mgema ni sukari hiyo hiyo, iliyoibiwa njiani kabla ya kufika kwenye kidaka.) Kuti likisha kukauka, jiko limezimika, kuliondoa hakuudhuru mti.

Tena mnazi hauna matawi. Una kilele kimoja tu, ambacho hutoa kuti jipya karibu kila mwezi, na katika kwapa la kuti hutoka karara yenye maua. Tangu maua hayo mpaka nazi kukomaa hupita kama mwaka mzima. Basi akataye kuti bichi leo hupunguza nazi ambazo hazijaonekana bado, na kwa hiyo hajioni kuwa ametwaa kitu.

Sayyidna Umar alipopata ardhi ya Khaybar, Mtume (S.A.W.) alimwelekeza aizuie asili yake na atoe sadaka mazao yake. Nazi ni mazao, na kuti kavu ni mazao vilevile. Ama kuti bichi, kwa haya tuliyoyaeleza, sisi twaona ni katika asili, wala msimamizi hana ruhusa nalo.

Wako watakaosema kwamba haya ni maneno ya skuli, na kwamba mnazi huzaa kwa baraka. Na wengine huufunga hirizi shinani. Hao na wakumbuke habari ya mitende ya Madina. Mtume aliwakuta watu wakiipandishia mitende majike mbegu za madume, akadhani kuwa jambo hilo halina faida. Wakaliacha, na tende zikaharibika. Hapo akawaambia kuwa mambo ya dunia yao wao wanayajua zaidi. Hakuwaamrisha kutundika kitu chochote mtendeni.

Fedha zilizokwisha kutumika msikitini hatusemi zirudishwe. Lakini ukataji na ukome sasa, na mwakani, wakati wa kuangua, hesabu ya nazi isomwe mbele ya jamaa wote wa msikiti, pamoja na ile ya mwaka huu.