Haya Iko Wapi?

Katika lugha yetu mtu asiye na haya husemwa kuwa ana macho makavu. Hatusemi kwamba ana mwili mkavu, wala nguo kavu. Wazee waliotuachia msemo huu waliiweka haya machoni, na hapana shaka walijua walilolisema. Walakini wengi wetu twaenenda kana kwamba haya imeshonwa katika nguo: avaaye nyingi anayo nyingi, avaaye chache anayo chache, na avuaye zote ameitupa njiani. Nataka, msomaji wangu, tulipime jambo hili pamoja. Mizani nitakayotumia ni nyumba ya kuogea iliyo mbali sana na kwetu, yaani hamamu ya Wakorea.

Neno hamamu si geni katika pwani yetu. Katika Mji Mkongwe wa Unguja upo mtaa uitwao Hamamni, na jina hilo limetokana na hamamu iliyojengwa katika zama za Sultani Barghash, aliyetawala kutoka 1870 hadi 1888. Hamamu hiyo haitoi maji tena, na wageni huitazama kama watazamavyo kaburi la mtu mashuhuri. Za Korea bado zafuka mvuke. Nyingine ni mabafu ya kawaida ya mtaani. Nyingine, ziitwazo jimjilibangi, ambazo zilienea katika miaka ya 1990, ni kubwa, nazo zina vyumba vya kutokea jasho, mahali pa kula, na kumbi za kulala usiku kucha juu ya sakafu yenye joto.

Fikiri kuwa umefika huko siku ya baridi kali, wakati barafu imeganda njiani. Mlangoni wavua viatu na kuvifungia katika kijisanduku. Walipa, wapewa ufunguo wenye utepe wa kuvaa mkononi, taulo ndogo, na fulana na kaptura za kuvaa baadaye. Hapo njia hugawanyika, wanaume kwao na wanawake kwao. Katika chumba cha kubadilishia wavua nguo zako, zote kabisa, waziweka kabatini, kisha waelekea bafuni na taulo isiyotosha kufunika kitu cha maana. Ukijaribu kubaki na vazi la kuogelea, hilo ndilo litakalowaudhi wenyeji, kwani kwao ni uchafu kuingia na nguo katika maji ya watu wote. Tena kabla hujayagusa maji hayo huna budi kukaa juu ya kigoda, kujisugua kwa sabuni na kujisuuza mwili mzima. Mtu arukaye hatua hii hutazamwa vibaya kuliko mwizi wa kuku.

Baada ya hapo mambo ni mepesi. Yapo maji ya uvuguvugu, yapo ya moto yapitayo digrii 40, na yapo ya baridi yatakayokukata pumzi. Ukiisha kulainika ngozi, wajisugua kwa kifuko cha kitambaa kikwaruzacho, nao hukiita taulo ya Italia. Kilibuniwa katika mji wa Busan katika miaka ya 1960, na jina lake lilitokana na kitambaa chenyewe, ambacho kiliagizwa kutoka Italia. Taka za mwili hutoka zikijisokota kama nyuzi za kijivu. Wanawake wa pwani wajuao kusinga na kusingwa hawatastaajabu. Asiyependa kujisugua mwenyewe humlipa msuguaji, akalala juu ya kitanda cha plastiki na kugeuzwa huku na huku kama samaki mezani kwa muuzaji.

Mimi nilipelekwa Seoul kwa mafunzo mafupi ya walimu, na jioni moja wenyeji wetu wakatuchukua hamamuni. Nikiwa nimekaa juu ya kigoda, mzee mmoja, ambaye kwa umri angaliweza kuwa babu yangu, alinigusa bega, akanionyesha mgongo wake, akanipa kile kifuko. Hakujua lugha yangu wala mimi yake. Nilimsugua mgongo, naye alipotosheka akanigeuza, akanisugua wangu kwa nguvu za mtu alimaye shamba lake mwenyewe. Kisha akaniinamishia kichwa, akaenda zake majini. Huko ni desturi ya zamani baina ya watu wasiojuana, maana mgongo ndio mahali pasipofikiwa na mkono wa mwenyewe. Niliutafuta uchi katika tendo lile sikuuona. Niliona mzee na migongo miwili.

Sasa nakuuliza, je, mzee yule hana haya? Usijibu upesi. Zamani za utawala wa Joseon, ulioanza 1392, heshima ilifuata mafundisho ya Confucius, na waungwana hawakupenda kuvua nguo zote hata wakioga. Kumbukumbu za Mfalme Sejong, aliyetawala kutoka 1418 hadi 1450, zataja nyumba za kutokea jasho ambamo watawa wa Kibuddha waliwaponya wagonjwa; lakini bafu la watu wote la namna hii ya leo lilienea baadaye, katika miaka ya kutawaliwa na Japani, 1910 hadi 1945. Kwa hiyo babu wa babu yake mzee yule labda angalifunika uso kwa kumwona mjukuu wake. Mpaka wa haya umehama katika taifa lile lile moja, tena katika vizazi vichache.

Najua lipo jibu lililo tayari midomoni mwa vijana: kama mpaka wahama, basi haya ni desturi tu, na desturi ni kamba ya kukatwa. Hoja hii yapendeza kwa kuwa ni fupi, lakini haisimami. Mpaka wa shamba pia huweza kusogezwa kwa mapatano ya majirani, wala hatusemi kwamba kwa hiyo hakuna mashamba. Hamamuni kwenyewe, ambako nguo hazipo, sheria za staha ni nyingi kuliko sokoni. Huogi, huingii. Hukodolei mtu macho. Huchezi na maji ya wenzako. Hupaazi sauti. Yule mzee alinigusa bega kabla ya kunigeuza, wala hakuninyoshea kidole kwa rangi yangu, ingawa yamkini hajapata kuona nyingine kama hiyo kwa ukaribu ule. Nguo zilipoondoka, macho ndiyo yaliyobeba mzigo wote, yakaubeba.

Wala sisemi kwamba kila mtu yampasa kuingia. Mwanamume Mwislamu ameamrishwa kusitiri baina ya kitovu na magoti hata mbele ya wanaume wenzake, naye akibaki nje na nguo zake amefanya vema. Akiingia ukumbini na fulana yake, akala mayai yaliyookwa na kunywa kinywaji kitamu cha mchele pamoja na wenyeji, hajapungukiwa na kitu. Mtu aliyeshikilia mpaka wake kwa kujua ni kwa nini namheshimu zaidi kuliko yule auvukaye kwa kuogopa kuchekwa.

Lipo jambo jingine la Korea ambalo lanisaidia zaidi kuliko hamamu. Nchi hiyo hiyo, isiyoona vibaya watu mia kuoga pamoja uchi, imesumbuliwa sana na watu wafichao kamera vyooni na katika vyumba vya kubadilishia nguo, wakawapiga wanawake picha na kuzieneza. Mwaka 2018 wanawake kwa makumi ya maelfu walijaa katika njia za Seoul kulilia jambo hili, na sasa mpiga picha wa namna hiyo aweza kufungwa hadi miaka 7. Hebu tulinganishe. Mwili ni ule ule. Uchi ni ule ule. Hamamuni hakuna aliyekosewa. Mbele ya kamera iliyofichwa mtu ameibiwa kitu ambacho nguo mpya haziwezi kumrudishia. Kilichoibwa, basi, hakikuwa nguo. Ni ile idhini aliyoitoa kwa macho fulani, mahali fulani, kwa muda fulani, nayo ilichukuliwa ikapelekwa kwa macho ambayo hakupata kuyakubali.

Hapa ndipo ninapotaka kusema nawe uliye bwenini. Katika shule zetu nyingi wanafunzi huoga pamoja alfajiri, kwa haraka, kwa maji baridi, na hakuna afikiriye jambo lolote ila kengele. Siku moja simu iliyoingizwa kwa siri yainuliwa juu ya ukuta wa bafu. Kabla ya chakula cha mchana picha imekwisha zunguka, na anayechekwa ni nani? Ni yule aliyekuwa akioga. Huyo ndiye asiyeweza kula, ndiye aombaye ahamishwe shule, ndiye aambiwaye kwamba ameaibika. Aliyeinua simu hukaa mezani akala wali wake, na walioipokea picha na kuipeleka mbele hula naye. Sheria ya Kenya ya mwaka 2018 imelihesabu tendo la kueneza picha za namna hiyo kuwa kosa, lakini sheria haiwezi kukaa katika kila meza ya chakula. Tumeiweka aibu juu ya mwili usiokosa, tukayaachilia macho makavu yaende zao, na hali lugha yetu wenyewe ilikwisha kutuonyesha mahali pa kutazama.

Tena wapo wasemao kwamba hamamu huwafanya watu wote kuwa sawa, kwa sababu tajiri akivua saa na suti yake hutofautiani naye. Natamani iwe kweli, lakini siwezi kuiafiki. Msuguaji huinama juu ya kitanda chake saa nyingi na hali mwingine amelala. Usawa gani huo? Na kabla ya bafu kuna mlango. Mwaka 2011, katika mji ule ule wa Busan, mwanamke mmoja mzaliwa wa Uzbekistan, aliyekwisha pewa uraia wa Korea, alikwenda kuoga katika hamamu ya mtaani, akakataliwa kwa sababu ya sura yake ya kigeni. Alionyesha hati za uraia wake, zisimfae kitu. Wakati huo alikuwa hajavua hata viatu. Amesimama mbele ya dirisha la kulipia na nguo zake zote mwilini, na mtu wa upande wa pili alikuwa akimtazama.